Bweri Kabla ya Sangara

Siku hizi msafiri anayefika Musoma kwa basi huteremkia Bweri. Stendi ipo pale, na kuizunguka kuna maduka, gereji, vijiwe vya bodaboda na nyumba zilizopanda hadi juu ya mawe. Katikati ya miaka ya 1970, nilipokuwa msichana mdogo, Bweri ilikuwa mashamba. Kulikuwa na mihogo, mtama, viazi vitamu, na pamba kwa wenye nguvu ya kuipalilia. Ng'ombe walipita asubuhi kwenda malishoni, jioni wakateremshwa ziwani kunywa. Na kulikuwa na yale mawe makubwa ya Musoma, yaliyolaliana tangu enzi na enzi, pimbi wakiwa juu yake wanaota jua. Mjini tulikwenda kwa sababu maalumu: dawa, sabuni, barua. Ziwani tulikwenda kila siku.

Nataka kuliandika ziwa lile kama nilivyolijua, kwa sababu watoto wa leo wanaona lina maji na lina samaki, wakadhani ni lilelile. Silo.

Kuosha vyombo ilikuwa kazi yetu wasichana, na tuliifanyia ziwani, penye mawe. Ukiitumbukiza sufuria yenye ukoko wa ugali, kabla hujashika mchanga wa kusugulia, furu, wale samaki wetu wadogo, wamekwisha kufika. Walitokea kwenye nyufa za mawe, kwanza wachache wenye ujasiri, kisha kundi zima. Wengine walikuwa na urefu wa kidole, wengine wa kiganja. Maji yalikuwa maangavu, ukiona kivuli cha kila mmoja kikipita juu ya mchanga. Majike walikuwa na rangi ya majivu na hawakutuvutia sana. Tuliwapenda madume. Kulikuwa na mweusi tii mwenye mkia mwekundu, na wa bluu aliyekuwa na tumbo la njano. Mwingine alikuwa mwekundu begani na kijani ubavuni, akikaa mbele ya ufa wake na kumfukuza kila dume aliyesogea. Karibu wote walikuwa na vidoa vya rangi ya chungwa kwenye pezi la chini. Tulibishana nani ameona wangapi, na hakuna aliyewahi kumaliza kuwahesabu, maana ukihama jiwe moja kwenda la pili ulikuta wengine ambao hukuwaona kule.

Kaka zetu waliwavua kwa mshipi na ndoano ndogo, chambo kikiwa nyungunyungu. Sisi tulitumia kanga. Wawili walishika pembe, wa tatu akamwaga makombo katikati, tukangoja, tukainua. Mara nyingine katika kanga alikuwamo jike aliyevimba koo. Ukimshika alifumbua mdomo na kutema vitoto, vidogo sana, kila kimoja kina macho mawili meusi, vikatawanyika juu ya kitambaa chenye maji. Bibi alitukuta siku moja tukivichezea. Alikuwa mpole, lakini siku hiyo sauti yake ilibadilika. "Huyo mrudisheni majini, wajukuu zangu, ana watoto. Mkimpika huyo mmepika ukoo." Tulimrudisha. Baadaye nilijifunza kwamba karibu furu wote wa ziwa hili huatamia mayai mdomoni. Jike hubeba mayai na vitoto kwa wiki kadhaa, akila kidogo au asile kabisa, na kwa uzazi mmoja hulea watoto wachache, mara nyingi makumi tu. Ni uzazi unaotegemea kwamba mama hataliwa.

Nyumbani furu walikuwa kitoweo cha kila siku. Bibi aliwachomeka kwenye njiti na kuwaanika juu ya jiwe lililo nyuma ya jiko. Siku mbili za jua zilitosha. Aliwapika na nyanya, au akawaunga kwa karanga zilizotwangwa, tukala na ugali wa muhogo na mtama. Sokoni walikuwa rahisi kuliko samaki wote. Mgeni hakupikiwa furu. Mgeni alipikiwa ngege, au kambale mnene, na akiwa mkwe alitafutiwa ningu. Furu walikuwa samaki wa watoto na wa nyumba zisizo na fedha, na naamini dharau hiyo ndiyo iliyofanya kutoweka kwao kusiwe habari.

Babu alikuwa mvuvi. Alivua kwa mtumbwi wa mbao, na mapema zaidi, kabla sijazaliwa, kwa migono aliyoisuka mwenyewe kwa matete. Nilipenda kukaa naye akishona nyavu kwa sababu alizungumza bila kutazama mtu. Alinitajia samaki kwa mpangilio wa mahali wanapokaa: gogogo na hongwe kwenye kina, domodomo penye tope, kamongo kwenye mafunjo, kuyu midomoni mwa mito, soga na nembe juu ya maji. Lakini aliyemhuzunisha alikuwa ningu. Mvua za masika zilipoujaza Mto Mara, alisema, ningu walipanda kwa makundi kwenda kutaga kwenye mabonde yaliyofurika, na watu wa mtoni waliwategea njiani. Walichukua sehemu, wengine wakapita. Kisha zikaja nyavu za dukani. Mtu mmoja aliweza kuufunga mdomo wa mto kwa usiku mmoja, akawakamata majike wote wakiwa na mayai tumboni. "Tuliwakuta mlangoni mwao wakienda kuzaa," aliniambia, "tukadhani ni baraka." Nilipokuwa na akili ya kuelewa, ningu alikuwa tayari samaki wa kusimuliwa.

Kwa hiyo hasara ya ziwa letu haikuanza na sangara, na ni haki kulisema hilo. Nyavu za kutega zililetwa Kisumu mwaka 1905. Miaka ya 1927 na 1928 Mwingereza mmoja, Michael Graham, alizunguka ziwa zima kulichunguza, akashauri tundu la wavu lisipungue inchi tano ili ngege wadogo wapate kukua. Kanuni ikawekwa. Katika miaka ya 1950 ikaja nailoni, imara na isiyooza, wavuvi wakaongezeka, ngege wakapungua, na badala ya kanuni kukazwa huku Tanganyika na Uganda iliondolewa. Kila aliyekosa ngege wakubwa akashusha tundu awafuate wadogo. Babu hakulijua jina la Graham, lakini alikuwa na wavu mmoja wa zamani wa matundu mapana uliotundikwa ukutani, ambao hakuutia tena majini kwa kuwa haukuwa na wa kumkamata.

Sangara nilimwona kwa mara ya kwanza karibu na wakati wa vita vya Kagera. Wavuvi walimlaza mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, juu ya majani, na watu waliacha kazi zao wakaja kumtazama. Alikuwa mrefu kuliko mimi. Jicho lake, alipogeuzwa kivulini, liling'aa rangi ya dhahabu. Wazee hawakumtaka. Walisema ana mafuta kupita kiasi, nyama yake inachafua tumbo, na hakuna anayejua mila ya kumla. Mmoja alimpasua, na tumboni tukawakuta furu, wengi, baadhi bado wana rangi zao.

Sangara si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Kwao ni Mto Naili chini ya maporomoko ya Murchison, na maziwa kama Albert na Turkana. Katika miaka ya 1950 aliingizwa upande wa Uganda, kwanza kimyakimya, kisha 1962 na 1963 akapandikizwa rasmi kwa kibali cha wakubwa, Entebbe na Kisumu. Hoja ilikuwa kwamba ziwa limejaa visamaki visivyo na thamani, basi aletwe samaki mkubwa avile na kuvigeuza kuwa mnofu wa biashara. Mwaka 1960 mtaalamu wa samaki Geoffrey Fryer aliandika kupinga jambo hilo. Alieleza kwamba mnyama anayekula wengine ukishamtia kwenye ziwa la ukubwa ule humtoi tena, na kwamba kila hatua ya kula na kuliwa hupoteza chakula badala ya kukiongeza. Alikuwa na hoja, na alizitoa kabla ya 1962. Zilipuuzwa. Kila nikifikiria jambo hili hasira hunirudia, kwa sababu uamuzi wa watu wachache waliokuwa ofisini ulihusu ziwa la kilometa za mraba 68,800 na nchi tatu, na hakuna mvuvi wa Bweri, wala wa Ukerewe, wala wa Rusinga aliyeulizwa.

Kwa miaka karibu ishirini sangara walikuwapo lakini wachache. Kisha wakalipuka, kwanza upande wa Kenya, halafu Uganda, na kati ya 1983 na 1986 Ghuba ya Mwanza. Kwetu Musoma ilikuwa ni miaka hiyohiyo. Sangara jike mkubwa hutaga mamilioni ya mayai kwa msimu na kuyaacha majini. Mweke huyo upande mmoja, na upande wa pili mweke furu mwenye vitoto makumi kadhaa mdomoni.

Sitasema sangara hakutulisha. Ile ilikuwa miaka ya uhaba, maduka yakiwa na rafu tupu, sabuni kwa foleni, mafuta ya kupikia kwa bahati. Mama alikuwa akikata yale mafuta meupe ya tumboni mwa sangara na kuyayeyusha katika sufuria, tukapikia mboga, tukapaka miguuni, tukawashia koroboi. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye sangara waliobanikwa. Nyumba za kwanza za bati upande wetu wa Bweri zilijengwa kwa samaki huyo. Anayetaka kuieleza hasara ya ziwa kwa ukweli aanze kwa kukiri kwamba iliingia nyumbani ikiwa na chakula mkononi.

Lakini palikuwa na jambo ambalo kwa miaka mingi sikulihusisha na samaki. Furu na ngege ungeweza kuwaanika juu ya jiwe, jua likamaliza kazi. Sangara ana mafuta. Ukimwanika ataoza kabla ya kukauka. Lazima abanikwe au akaangwe, na moto unataka kuni. Wanawake wa mialoni walijenga matanuri ya udongo na kuweka chanja za waya juu yake, na moshi haukukatika usiku wala mchana. Vilima vya kwetu vilikuwa na migunga, mikuyu kwenye makorongo, na vichaka vizito kati ya mawe. Tulianza kwa kuokota matawi makavu. Tukafuata matawi mabichi, kisha vigogo, kisha visiki vikang'olewa kwa jembe, na nilipofika kidato cha pili kuni zilikuwa zinakuja kwa mkokoteni kutoka mbali. Mizinga ya nyuki iliyokuwa kwenye korongo la nyuma ya kwetu ilikosa mti wa kutundikwa. Kanga wa porini, waliokuwa wakilia alfajiri hata ukaweza kuamka nao badala ya saa, hawakusikika tena. Mvua iliyofuata iliteremka mlimani ikiwa nyekundu, ikaingia ziwani na udongo wote.

Hakuna siku ambayo mtu angeweza kusema leo furu wamekwisha. Niliondoka kwenda shule ya bweni, na katika likizo moja nilimsindikiza mdogo wangu kuosha vyombo. Aliitumbukiza sufuria, ukoko ukalainika, vipande vya ugali vikaelea. Nilingoja. Walitokea wawili watatu kwenye nyufa, wakachukua na kurudi haraka. Mdogo wangu hakushangaa, kwa sababu hakuwahi kuona zaidi ya hao. Nilijaribu kumweleza jinsi ilivyokuwa, akanisikiliza kwa adabu kama unavyomsikiliza mkubwa anayezidisha chumvi.

Mwanza walikuwapo watu waliokuwa wakihesabu. Tangu 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi walishirikiana na Watanzania, baadaye wa taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, iliyoundwa mwaka 1980. Walikuja kuwajua furu, wakajikuta wanaandika habari za msiba. Uchunguzi wa miaka ya 1969 hadi 1971 ulikuwa umeonyesha kwamba katika samaki wanaovuliwa chini ya ziwa kwa nyavu za kukokota, furu walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wote. Katikati ya miaka ya 1980, mahali pengi, hawakufikia hata asilimia moja. Ziwa hili lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, karibu zote zisizopatikana popote pengine duniani. Wataalamu wa miamba wanasema lilikauka kabisa kiasi cha miaka 15,000 iliyopita kisha likajaa upya, kwa hiyo aina zote hizo zilitokea katika muda ambao kwa umri wa dunia ni mfupi mno. Kila aina ilishika kazi yake. Walikuwapo wa kukwangua mwani kwenye mawe, wa kuvunja konokono kwa meno ya kooni, wa kuchuja tope, wa kula wadudu, hata wa kuiba mayai midomoni mwa majike wengine. Takriban aina 200 zinahesabiwa kuwa zilitoweka katika kipindi kisichozidi miaka kumi na mitano hivi. Wapo wanasayansi walioliita tukio hilo kutoweka kukubwa kuliko kote kwa wanyama wenye uti wa mgongo katika zama zetu. Na si sangara peke yake aliyehusika: huko Mwanza, tangu miaka ya 1970, meli za kukokota nyavu zilikuwa zikizoa furu kwa tani ili wasagwe kuwa chakula cha kuku, na mahali zilipopita walikuwa wamekwisha kupungua kabla sangara hajafika.

Sisi ni watu wa mkoa wa Mara. Nusu ya dunia inakuja kwetu kuiona Serengeti, hifadhi tangu 1951, na ni haki yao kuja. Nyumbu akipungua, taarifa hufika London. Aina 200 za samaki zilipotea katika ziwa hilihili linalopakana nasi, na sikumbuki tangazo la redio hata moja. Hazikuwa na pembe wala manyoya, na aliyezijua kwa karibu alikuwa msichana anayeosha sufuria.

Ndege walijua. Mdiria, yule mweupe na mweusi anayesimama hewani kabla ya kujirusha majini, aliishi kwa furu. Watafiti wa Mwanza walipochunguza mifupa aliyoitapika walikuta kwamba amehamia kwenye dagaa. Dagaa ni mdogo na mwembamba, kwa hiyo ilimpasa avue wengi zaidi kupata shibe ileile. Mnandi naye alibadili mawindo. Fisi maji, ambaye utotoni tulimwona akiparamia mawe na samaki mdomoni, mimi sijamwona tena Bweri. Huko chini, sangara alipowamaliza furu aligeukia uduvi, dagaa, na watoto wake mwenyewe. Ghala lililojaa mahindi, kunde, ulezi na mihogo lilikuwa limebakiwa na punje za aina tatu nne: sangara, dagaa, uduvi, na sato, ambaye naye aliletwa katika miaka ya 1950 na kumsukuma pembeni ngege wa asili. Ngege sasa hutafutwa katika vijiziwa vilivyo pembezoni ambako sangara hakufika, kama Kanyaboli kule Kenya.

Miaka ya 1990 vikaja viwanda vya minofu, Mwanza na hata Musoma. Magari ya barafu yalianza kusubiri mialoni, na bei ya sangara ikapanda hadi aliyemvua akashindwa kumla. Mnofu ulikwenda Ulaya. Kilichobaki, kichwa na mifupa, tukakiita mapanki, tukakikaanga na kuuziana. Mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara, yakapata wanunuzi wa Asia kwa bei inayozidi mnofu. Vijana waliacha mashamba. Makokoro yalivutwa ufukweni mchana na usiku, na kokoro likipita linazoa mayai, vifaranga na majani waliyojificha ndani yake. Wengine walitia sumu za mashambani majini ili samaki waelee, na mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukafunga mlango kwa samaki wa ziwa lote kwa hofu hiyo. Nakumbuka jinsi mialo ilivyonyamaza. Watu waliozoea fedha ya kila jioni walikaa wakitazamana. Nilidhani tungekutumia kufungwa kule kujiuliza tunalifanyia nini ziwa. Mlango ulipofunguliwa tulirudi mbio zilezile.

Maji yenyewe yalikuwa yamebadilika. Yale ambamo niliona kivuli cha samaki yaligeuka kijani. Udongo wa vilima vilivyonyolewa, mbolea ya mashamba, uchafu wa miji iliyokua bila mabomba ya kutosha, vyote viliteremka, vikaulisha mwani, na mwani ukizama na kuoza humaliza hewa kwenye kina. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 likaongezeka gugumaji, ua zuri la zambarau kutoka Amerika ya Kusini, lililoziba mialo hadi mitumbwi ikasukumwa kwa miti. Fukusi waliofugwa na kuachiliwa walilila, likapungua, lakini halikwisha.

Kuna jambo katika ukijani huo ambalo limenigusa kuliko tarakimu zote. Furu jike humchagua dume kwa rangi. Jike wa aina nyekundu humfuata dume mwekundu, wa aina ya bluu humfuata wa bluu, na hivyo ndivyo aina zilivyotengana ingawa waliishi jiwe moja. Mwaka 1997 watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba maji yakichafuka, mwanga hubadilika, jike hawezi tena kuzipambanua rangi, na aina zilizokaa mbalimbali kwa maelfu ya miaka zinaanza kuchanganyika na kufifia. Hawa hawakuliwa na mtu. Walipotezana gizani, kwa ajili ya udongo na samadi tulivyovimwaga sisi tuliokuwa tukiwaangalia.

Na si uchafu wa Musoma pekee. Mto Mara unatoka msitu wa Mau nchini Kenya, unasafiri takriban kilometa 395, unapita chini ya daraja la Kirumi na kuingia ziwani katika ghuba yetu. Mau ulipokatwa kwa mashamba na mkaa, tope liliteremka, na bwawa la mafunjo karibu na mdomo wa mto likapanuka mwaka hadi mwaka. Machi 2022 maji ya Mara karibu na Kirumi yaligeuka meusi, samaki wakaelea wamekufa, watu wakakatazwa kuyatumia. Kamati ya serikali ilieleza kwamba kinyesi cha mifugo na mabaki ya mimea vilimaliza oksijeni. Wapo waliopinga maelezo hayo, na mjadala ulikuwa mkali. Mimi nilichokisikia kwa jamaa zangu wa mtoni ni kwamba miongoni mwa waliokufa walikuwamo samaki ambao vijana hawakuyajua majina yao, wakawaita wazee waje kuwatazama.

Nilikwenda Bweri mwaka jana. Mawe yanapungua. Akina mama na vijana wanakaa juani wakiyapasua kuwa kokoto, na siwalaumu, kwa kuwa mji unajengwa na kokoto inanunuliwa. Lakini mawe yaliyo ndani ya maji na kando yake ndiyo yaliyowaokoa baadhi ya furu. Sangara ni mkubwa, haingii kwenye ufa wa vidole viwili, kwa hiyo furu wa mawe walipona kuliko wale wa tope na maji wazi. Na tangu miaka ya 1990, sangara walipovuliwa sana, baadhi ya furu wanaokula vijidudu na masazo walianza kuonekana tena kwenye nyavu za dagaa. Ni aina chache kati ya zile za zamani, lakini wapo. Wavuvi wa karabai, ambao sasa wana taa za sola, wanawatupa au kuwauza kwa fungu dogo, kwa dharau ileile ya zamani.

Hao waliobaki wanaweza kulindwa, na yanayotakiwa si makubwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Bweri, Makoko, Kigera, mahali pote, mita hizo zimeliwa na kuta, mabustani ya mboga na mashimo ya mchanga. Zikiachwa, mafunjo yatachuja udongo na samaki watapata pa kuzalia. Kamati za mialo zinajua nani ana kokoro na analificha wapi. Madiwani wanajua nyumba ipi inafungulia choo chake ziwani.

Na wewe msomaji, kama nyumbani kwenu yuko mzee aliyevua au kuosha vyombo ziwani kabla ya 1980, mfuate wiki hii. Mwombe akutajie samaki wote aliowajua, rangi zao, mahali walipokaa na msimu wao. Andika kama anavyosema, kwa lugha anayosemea, kisha peleka nakala kwa mwalimu wa sayansi wa shule iliyo karibu. Wazee hao wamebaki wachache, na sehemu kubwa ya wanayoyajua kuhusu samaki wa upande wetu haijaandikwa popote.